Dakika 15 za Nani?

Ningepewa madaraka nchi hii, hata ya wiki moja tu, nisingejenga barabara wala daraja. Ningewakamata waandishi wa mapishi rahisi, niwafungie jikoni kwangu siku ya Jumanne saa moja na nusu usiku, wakiwa wametoka kazini na foleni ya Buguruni ingali miguuni, mtungi wa gesi uko pumzi ya mwisho, watoto wameshakaa mezani na vijiko mkononi. Halafu niwaambie: haya, dakika 15 zenu zimeanza.

Maana hiyo ndiyo ahadi yao. Siku hizi kila pishi la siku za kazi ni la dakika 15. Kuku wa dakika 15. Wali wa karoti wa dakika 15. Keki isiyohitaji jiko, dakika 15, kisha iwekwe kwenye friji usiku kucha, na huo usiku kucha haumo kwenye hesabu. Ukiuliza dakika hizo zinaanza kuhesabiwa wakati gani, kila mtu anatazama pembeni. Mimi jibu ninalo: zinaanza baada ya kazi kwisha.

Soma orodha ya mahitaji uone. Vitunguu viwili vilivyomenywa na kukatwa. Karoti tatu zilizokunwa. Nyanya nne zilizotolewa maganda. Kuku mmoja aliyekatwa vipande, akaoshwa, akalazwa kwenye ndimu na tangawizi iliyotwangwa. Nani kamenya? Nani kakuna? Kuku kajikata mwenyewe? Kazi yote imefichwa huko juu kwenye orodha, na ukifika chini kwenye maelekezo unaambiwa uchanganye vyote ubandike jikoni. Hapo hata baba watoto angeweza.

Mletaji mkuu wa mapishi haya nyumbani kwetu ni wifi yangu. Ananitumia video kwenye simu saa nne asubuhi, wakati bosi anapita nyuma ya kiti changu. "Wifi, hii ijaribu leo, ni rahisi mno!" Ndani ya video kuna mdada mwenye kucha ndefu ambazo hazijawahi kumenya kitunguu saumu, na mbele yake vibakuli vya kioo vimejipanga kama timu inayosubiri kupigwa picha kabla ya mechi: hiki cha pilipili hoho, hiki cha chumvi kijiko kimoja, hiki cha maji. Kibakuli cha maji, jamani! Anavimimina kimoja baada ya kingine kwenye kikaango, anatabasamu, video imekwisha. Pishi la sufuria moja, anasema. Sufuria moja ndiyo, na vibakuli kumi na vinne ambavyo vitaoshwa na mtu asiyeonekana kwenye video.

Basi jioni unashuka kituoni, unapita supamaketi kutafuta hayo "mahitaji ya kawaida yanayopatikana kila mahali." Krimu ya kupikia ipo, lakini kopo lake limekaa rafu ya juu kabisa, na kijana wa kulishusha kaenda kuswali. Jibini ya kukuna ipo, kwa bei ambayo ukiiona unairudisha taratibu ukijifanya ulikuwa unasoma tu tarehe. Vifua vya kuku vipo, vimegandishwa, na mapishi hayakusema kwamba kuyeyuka nako kunataka saa zake. Majani ya rozimari hayapo. Dada wa kaunta anakuuliza, "Ni dawa ya nini?" Unatoka na mkate, sadini, paketi mbili za tambi na hasira.

Tuzungumzie hiyo sadini, maana kopo ndilo mfalme wa vyakula vya haraka, na mimi na kopo tuna kesi ya muda mrefu. Mwaka 1810 Mwingereza Peter Durand alipewa hataza ya kuhifadhi chakula ndani ya makopo ya bati. Sawa, hongera zake. Lakini kifaa maalumu cha kufungulia hayo makopo kilikuja kupata hataza huko huko Uingereza mwaka 1855, kwa jina la Robert Yeates. Hesabu mwenyewe: miaka 45 watu wana chakula ndani ya bati na hawana cha kulifungulia. Walitumia patasi na nyundo. Askari aliye vitani alikuwa na singe, alipata pa kuanzia. Mimi nasoma habari hiyo, natazama jikoni kwangu, naona hakuna kilichobadilika. Kifungulio changu kiliazimwa na jirani wakati wa msiba, msiba ukaisha, arobaini ikapita, kifungulio hakijarudi. Kisu cha mkate hakina ncha, kimeipoteza katika vita hivyo.

Utaniambia siku hizi makopo yana kipete cha kuvutia. Kipo, ndiyo. Unakiinua, kinatoa ile sauti ya matumaini, halafu kinakatikia kidoleni. Sasa una kipete mkononi na kopo zima mezani, na samaki ndani wanakusubiri kwa utulivu, hawana haraka, tarehe yao ya mwisho ni mwaka kesho kutwa.

Hata hivyo, mwenye haki apewe haki yake. Sadini ikishafunguka, ni chakula cha watu wenye akili. Kaanga kitunguu mpaka kiwe laini, tia nyanya na pilipili ya kuwasha, ziache ziive mpaka mafuta yaanze kujitenga, mimina samaki na mchuzi wao, kamulia ndimu, usikoroge sana wasivunjike. Ugali pembeni, watu kimya. Huo ni mlo, na haukuhitaji rozimari.

Tambi za dakika mbili nazo zina historia yake. Momofuku Ando alizitoa Japani mwaka 1958. Alizikaanga kwenye mafuta ya moto ili zikauke, na mtu akizitia maji moto zilainike tena. Inasimuliwa kwamba wazo hilo alilipata kwa kumtazama mkewe akikaanga tempura. Mwanamke anakaanga, mwanamume anatazama, jina linaandikwa la anayetazama. Nyumbani kwetu kuna mwanamume anayetazama kila usiku tangu tuoane, na hadi leo hajavumbua chochote zaidi ya swali, "Chumvi umeweka?"

Kwenye tui ndiko kuna vita vya kweli, kwa sababu mama mkwe huja kutoka Tanga kukaa nasi, na mama mkwe na tui la paketi hawapikiki chungu kimoja. Mara ya kwanza kuniona nakata paketi kwa mkasi alisogea, akainusa, akaniuliza kwa upole ule unaotisha kuliko ukali:

"Mwanangu, nazi hii imekufa lini?"

"Mama, hii ni tui tayari, imekamuliwa kiwandani."

"Na kiwandani nani kalionja?"

Hapo sikuwa na jibu. Kwao nazi inapasuliwa, maji yake anapewa mtoto aliyesimama karibu, halafu mtu anakaa juu ya mbuzi na kuikuna kwa mzunguko mpaka chicha itoke nyeupe bila ganda. Inakamuliwa kwa maji kidogo, inachujwa kwa kifumbu, hilo ndilo tui zito, linawekwa kando. Chicha inarudiwa kwa maji mengine, hilo ni tui jepesi. Jepesi linatangulia jikoni kupikia, zito linakuja mwisho, na atakayeliacha lichemke bila kukorogwa likakatika atasemwa mpaka kwenye harusi ya mjukuu. Mimi naiheshimu elimu hiyo. Ila elimu hiyo inaanza saa kumi jioni, na saa kumi jioni mimi niko ofisini nasikiliza mkutano ambao ungetosha kuwa barua fupi.

Kwa hiyo tumefikia mapatano. Anapokuwepo yeye, nazi hukunwa. Asipokuwepo, paketi hutoka mafichoni nyuma ya unga wa sembe. Na nitasema kwa sauti ndogo, maana kuta zina masikio na masikio hayo ni ya wifi: maharage ya tui la paketi yanalika vizuri kabisa, ukilifanya paketi lenyewe kuwa tui lako zito na maji ya maharage kuwa tui lako jepesi. Kitunguu, nyanya, karoti, hoho; maharage na maji yake yachemke yakolee; paketi mwisho, mwiko usitulie mpaka litokote. Mama mkwe aliwahi kuyala yaliyobaki asubuhi kwa chapati, hakuuliza kitu. Nami sikusema kitu.

Sasa vitamutamu. Mtu aliyetoka kazini saa moja usiku anatakiwa pia kuwa na kitamutamu, kwa mujibu wa wifi. "Watoto wanapenda, wifi, na ni kitu cha dakika tu."

Kwa vitamutamu vya haraka mimi namheshimu Alfred Bird peke yake. Huyu alikuwa mkemia wa Birmingham, Uingereza, na mwaka 1837 alitengeneza unga wa kastadi usio na yai, kwa sababu mkewe mayai yalikuwa yanamdhuru naye kastadi anaipenda. Wanga wa mahindi, rangi na ladha, maziwa ya moto, basi. Huyo ndiye mume! Aliona mkewe ana shida ya chakula, akaingia maabara, akatoka na jibu ambalo mpaka leo liko kwenye rafu ya duka la Mangi karibu na viberiti. Wangu mimi nilimwambia vitunguu vinaniliza, akaninunulia miwani ya jua.

Kastadi ina sharti moja: koroga unga kwenye maziwa baridi kwanza, ndipo umimine kwenye ya moto, la sivyo utakula madonge. Ikiiva mwagia juu ya ndizi na embe zilizokatwa, watoto watakuita mama bora kwa muda wa robo saa.

Jeli ndiyo iliyotugombanisha. Wifi alikuja na jeli ya paketi, akasema kwa nini tule matunda ya kopo wakati nchi imejaa mananasi, Kiwangwa yanamwagwa barabarani. Hoja nzuri, ya kizalendo. Akakata nanasi bichi, akalitumbukiza kwenye jeli, akaweka kwenye friji. Usiku ukapita ikabaki maji. Asubuhi maji. Jioni bado maji, na wifi anatazama friji yangu kwa jicho la kuilaumu. Friji haina kosa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na jelatini ni protini. Haliwezi kuiacha igande. Paipai lina tabia hiyo hiyo, ndiyo maana wapishi wa mishkaki hulaza nyama ngumu kwenye paipai bichi ilainike. Nanasi la kopo limepikwa, kimeng'enya kimekufa kwa moto, jeli inaganda bila matatizo. Yaani tunaishi mwendo mfupi kutoka mashamba ya mananasi, na kwa ajili ya jeli tunatakiwa kununua nanasi lililovuka bahari. Sijawahi kusikia uonevu wa namna hiyo dhidi ya mkulima.

Ndiyo sababu mimi nimebaki na tambi za sukari. Paketi ya tambi nyembamba, zivunje, zikaange kwa mafuta kidogo mpaka ziwe na rangi ya kahawia, tia maji ya kuzifunika kwa shida, sukari, iliki iliyopondwa, zabibu kavu kama zipo. Punguza moto, funika, nenda kakague madaftari ya watoto. Ukirudi maji yamekauka na nyumba nzima inanukia Idi. Bibi zetu walizijua kabla mtu yeyote hajazirekodi kwenye simu, na hawakuwahi kutaja dakika.

Lakini siri ya chakula changu cha siku za kazi haiko supamaketi, na ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote, kwamba hakuna mwandishi wa mapishi anayeitaja. Iko kwenye genge la pale kona, chini ya mwavuli uliofifia rangi, penye taa ya kuchaji.

Mama wa genge anauza kila kitu ambacho orodha za mapishi zinataka kiwe kimeshafanyiwa kazi. Njegere zimemenywa. Karoti zimekunwa. Kitunguu saumu na tangawizi vimesagwa pamoja, vimefungwa vifuko vidogo vya kutosha sufuria moja. Maharage yamechemshwa, yako kwenye ndoo yenye mfuniko, anapima kwa kikombe. Kisamvu kimetwangwa. Na kisamvu si mchezo: majani mabichi ya muhogo yana sumu, ni lazima yatwangwe yalegee na yachemshwe muda mrefu ndipo yalike. Asubuhi nzima ya mtu iko ndani ya kile kifuko cha kijani.

Kabichi ndiyo burudani. Anaishika mkono wa kushoto, hewani, bila kibao. Kisu kiko kulia, chembamba, kimenolewa mpaka kimeliwa nusu. Anakatia kuelekea kwake, nyuzi zinaanguka kwenye sinia nyembamba zinazolingana, na yeye hatazami. Anamtazama mteja mwingine anayeuliza bei ya bamia, anamjibu, anamkemea mtoto anayechezea ndimu, anachukua simu na kuibana begani, na kabichi inaendelea kushuka. Mimi nikijaribu vile naishia hospitali. Yeye anamaliza, anaifunga, ananikabidhi. "Haya mama 'angu, kapike watoto wale."

Siku moja nilimuuliza anaamka saa ngapi. Alicheka kidogo. Saa kumi alfajiri yuko soko la Ilala, kwa sababu nyanya nzuri hazimsubiri mtu. Saa mbili yuko gengeni, na kuanzia hapo ni kumenya, kutwanga na kuchemsha mpaka sisi tushuke kwenye daladala. Nikamuuliza: na wewe, ukifika nyumbani usiku unapika nini?

"Kupika tena?" akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Dada, mimi nikitoka hapa nanunua chipsi."

Nami nikafikiria kijana wa chipsi, ambaye tangu mchana amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akimenya gunia la viazi. Huyo naye sijui usiku anakula kwa nani.

Kwa hiyo hizo dakika 15 zipo, sikatai. Nikipita gengeni, kabichi na maharage vinaiva kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo. Lakini si zangu, wala si za mdada wa kucha ndefu. Saa nyingine zote zimelipwa na mtu mwingine juani, na sisi tunakuja mwishoni kuwasha gesi na kujipongeza.

Na malipo yenyewe sasa! Hapa ndipo napandwa na presha. Nimemwona kwa macho yangu mwanamke mwenye gari, kalisimamisha katikati ya njia taa zikiwaka, anabishania kabichi iliyokatwa ya shilingi 500. "Nipunguzie hata mia, mama. Halafu niwekee na nyongeza." Huyo huyo, ukimkuta supamaketi, anachukua mboga mchanganyiko zilizogandishwa, karoti na njegere zile zile, zimesafiri kuliko yeye, kwa bei ya maelfu. Hamwambii dada wa kaunta ampunguzie. Hadai nyongeza. Analipa, anashukuru, anaomba na risiti. Kumbe kazi ya mikono ikikutana na friji na barafu inakuwa na heshima, ikiwa chini ya mwavuli inaombwa msamaha wa mia.

Nimemtumia wifi mapishi yangu, niliyoyaandika kwa uaminifu. Maandalizi: kuanzia saa kumi alfajiri. Wahusika: mama wa genge, mkulima wa kabichi, dereva wa lori, na mimi mwishoni. Vyombo: sufuria moja ya kweli. Akajibu kwamba yanaonekana mazuri ila yana kazi nyingi.

Baba watoto naye nimempa zamu ya Alhamisi. Alikubali haraka mno, akaniambia kupika hakumshindi, ni kujipanga tu. Alhamisi ilipofika, saa moja na robo simu yangu ikaita, nikasikia honi, nikasikia kelele za gengeni.

"Mke wangu, mama hapa anauliza kabichi aikate nyembamba au nene."

"Mwambie kama kawaida."

Kimya kidogo. "Kawaida yetu ni ipi?"

Mume wa miaka yote hiyo, meza ile ile, kabichi ile ile.

"Usijisumbue," nikamwambia. "Mwachie yeye, anaijua. Na mia usiombe."